Ingekuwaje, ingalikuwaje: mwani wa Shangazi na DoWhy

MWANAHAWA: Asalaam alaykum wasikilizaji. Haji leo kaja na mchanga miguuni, kwa hivyo mjue katoka Jambiani.

HAJI: Waalaykum salaam. Nimetoka kwa Shangazi, kwenye mwani. Na kompyuta nilikwenda nayo.

MWANAHAWA: Kompyuta na mwani wapi na wapi?

HAJI: Ana suala moja tu: kamba zake anazofungia mwani akizipeleka maji ya kina, atapata zaidi? Kotoni, ile aina ya mwani yenye bei, pale pwani imemshinda, maji yakipata moto inaota weupe, inakatika. Kabaki na aina nyengine, spinosum. Nami siku hizi nachezea DoWhy, maktaba ya lugha ya kompyuta ya Python, ya kupima nini kinasababisha nini. Ilitolewa na watafiti wa Microsoft mwaka 2018, sasa iko chini ya mradi wa PyWhy. Ya bure. Unaandika pip install dowhy, basi.

MWANAHAWA: Hiyo "do", yaani kutenda, ndiyo ya Judea Pearl, mtaalamu wa hesabu za sababu?

HAJI: Ndiyo, yule wa Tuzo ya Turing ya 2011. Kuona kamba za kina zimejaa mwani ni jambo moja. Kuichukua kamba ya pwani wewe mwenyewe ukaipeleka kina ni jambo jengine.

MWANAHAWA: Maana anayekwenda kina ana dau.

HAJI: Ana dau, ana watu wa kumsaidia, kamba anazipitia kila maji yakitoka. Huyo hata angepanda pwani angewapita wenzake. Basi nikatunga data mwenyewe, mistari 1000, kila mstari kamba moja. Ukweli nikauficha humo: kina kinaongeza kilo 3 kwa kamba. Nikalinganisha wastani wa huku na wa kule, ikatoka karibu 7.

MWANAHAWA: Kilo 4 za bure!

HAJI: Za dau hizo! DoWhy inakutaka kwanza uchore mishale, nini kinasababisha nini. Halafu inatazama kama suala lako linajibika kwa mishale hiyo, inakadiria, mwisho inajaribu kulivunja jibu lake yenyewe. Nilipochora mshale kutoka dau kwenda kina na mwengine kutoka dau kwenda mavuno, ikaniletea 3 na kitu.

MWANAHAWA: Ukavimba kichwa.

HAJI: Sana. Nikasema niongeze na afya ya mwani, si safu yake ipo? Umeota weupe au haukuota. Nikaichora pamoja na dau, kama sababu inayotangulia. Athari ya kina ikayeyuka, ikabaki kama nusu kilo.

MWANAHAWA: Na yale majaribio ya kuvunja jibu?

HAJI: Yote yakapita! Lile la kuitoa safu ya kina na kuweka safu ya uongo iliyochanganywa ovyo, athari ikashuka sifuri kama inavyotakiwa. Lile la kuongeza sababu ya kubahatisha, jibu halikutikisika. Kompyuta imeridhika kabisa. Nikamuonesha Shangazi mchoro, yeye yuko chini anafunga vijikamba, hata kichwa hakuinua sawasawa. Akaniambia: "Mshale huu umeugeuza. Mwani hauendi kina kwa kuwa mzima. Unakuwa mzima kwa kuwa uko kina, maji ya huko hayachemki."

MWANAHAWA: Subhanallah. Yaani ulikuwa unalinganisha mwani mzima na mwani mzima.

HAJI: Enhe. Ile faida yenyewe ndiyo niliyoikata.

MWANAHAWA: Mie kilichonivuta ni lile suala la Shangazi, ile "ingekuwaje". Mwalimu wetu wa skuli alikuwa akitupigia kelele tusichanganye -nge- na -ngali-. Watu siku hizi wanazisema ovyo tu.

HAJI: Angefurahi kuiona gcm, sehemu ya DoWhy ya kuigiza mambo. Kuna interventional_samples, hiyo ni -nge-: kamba zote zingepelekwa kina, mavuno yangekuwaje? Inakuchotea kamba mpya za kuigiza. Halafu kuna counterfactual_samples, hiyo ni -ngali-: kamba ile ile, ya kusi iliyopita, ingalikuwa kina ingalitoa kilo ngapi? Hapo haikuchotei mpya. Inarudi kwanza kutafuta bahati ya kamba yenyewe.

MWANAHAWA: Bahati kwa hesabu? Nipe mfano.

HAJI: Tuseme modeli ilitaraji kilo 8, kamba ikatoa 6. Kilo 2 zimeliwa na mambo yasiyomo kwenye data. Samaki tasi wameula, labda. Ukiihamisha kina kwa hesabu, inakwenda na upungufu wake: 8 na 3 ni 11, toa 2, inabaki 9.

MWANAHAWA: Na tasi wa pwani nao unawahamisha kina?

HAJI: Modeli yangu ya kujumlisha inachukulia hivyo, ndiyo. Shangazi alicheka mpaka akajifuta machozi kwa leso.

MWANAHAWA: Kwa hivyo jibu umempa?

HAJI: Nimpe la wapi? Data ya kutunga mwenyewe! Na daftari lake halina hata kamba moja ya kina, hajawahi kwenda. Hakuna maktaba itakayochota kisichokuwemo kisimani. Lakini jirani mwenye dau kamkubalia kumpelekea kamba 20. Mbegu moja, siku moja, nyengine 20 zibaki pwani. Nikamwambia asichague kwa jicho, maana zilizonona ndizo atakazozipeleka kina. Katia vitambaa 40 mfukoni, 20 vyeupe, 20 vyekundu, mjukuu anachomoa kimoja kwa kila kamba.

MWANAHAWA: Mtoto hana dau, wala hajui mbegu ipi nono.

HAJI: Ana miaka minne. Alitaka vyekundu vyote viwe vyake, ikabidi tuanze upya.

MWANAHAWA: Mnavuna lini?

HAJI: Baada ya wiki 6, inshallah, bamvua la wakati huo.

MWANAHAWA: Niletee na mie kidogo, wa sabuni.