Jina Lako Liko Kwenye Kitabu cha Nani?

Mhadhara wa fundi wa simu, ukumbi wa parokia, Goma

Aksanti. Sogeeni mbele, viti viko. Wale wa kwaya wamesema ukumbi ni wao saa kumi kamili, na mimi nawajua, wataanza kupima sauti hata kama bado nasema. Kwa hiyo sitawaeleza uniti za kupigia simu ni nini wala mega za intaneti zinaisha namna gani. Mnazinunua kila siku.

Swali nililopewa ni hili: laini, uniti na mega tununue kwa kampuni yenyewe, au kwa muuzaji wa barabarani, yule wa chini ya mwavuli? Wengine mmeshanisikia juu ya jambo hili Majengo, na Ndosho, na hata kwenye matanga, Mungu anisamehe. Mtanivumilia. Kila mara naulizwa bei: "Fundi, wapi ni rahisi?" Na kila mara mimi nauliza kwanza jina lako liko kwenye kitabu cha nani. Watu wanaona nakwepa. Sikwepi, ngojeni.

Mwaka 2014 nilinunua laini pale Birere, barabarani, kwa kijana mmoja mwenye meza ya mbao na mwavuli uliochanika upande mmoja. Nilikuwa na haraka. Kwenye duka la kampuni kulikuwa na foleni hadi nje, na walitaka kadi ya uchaguzi, na karatasi ya kujaza, na kungoja. Kijana akaniambia: "Papa, hii iko tayari. Weka tu, ipige." Nikaweka, nikapiga, ikaita. Nilimwona kama malaika. Nikamwongezea hata ya fanta.

Miaka mitano nikatumia laini ile. Wateja wangu wote wa ufundi walikuwa na namba hiyo. Imeandikwa kwa rangi nyekundu juu ya kibanda changu. Pesa ya simu nilifungua humo humo, nikaweka siri yangu mwenyewe, nikasema mambo yamekwisha.

Sasa mwaka 2019 niko bandarini, nasafiri kwenda Bukavu. Mkono mmoja nimeshika begi, mkono mwingine natafuta faranga za kumlipa mbeba mizigo, na simu nimeibana kati ya shavu na bega kama karani wa zamani, mke wangu anasema nisisahau kuleta samaki wa sambaza. Mbeba mizigo akanigusa hivi, kidogo tu. Simu ikateleza. Nilisikia "chubwi". Mnalijua ziwa letu, halirudishi kitu. Mke wangu mpaka leo anasema nilimkatia kwa makusudi.

Nikajisemea si kitu, simu ni chuma, laini inabadilishwa. Ndani ya laini kulikuwa na dola 340, na katika hizo, 200 ni za karo ya mdogo wangu. Niliporudi nikaenda duka la kampuni, safari hii nikapanga foleni kama mtu mwenye adabu. Dada wa mezani akauliza namba, nikamtajia. Akauliza jina, nikamtajia. Akatazama kompyuta, akanitazama mimi, akarudi kwenye kompyuta.

"Papa, hii namba ni ya mama mmoja."

Mnacheka. Mimi sikucheka. Miaka mitano nilikuwa mama kwenye kompyuta ya watu na sikuambiwa.

Nikabishana. Akaniuliza namba tano nilizopiga siku za mwisho, nikazitaja zote kwa kichwa, bila kukosea hata moja. Akakubali kwamba laini nilikuwa naitumia mimi. Lakini akasema: "Kuitumia ni kitu kimoja, papa. Mwenyewe aje na kadi yake." Mwenyewe nimtoe wapi? Nikakimbia Birere kumtafuta kijana wa mwavuli. Mwavuli upo, kijana hayupo. Wenzake wakasema ameenda Rubaya kuchimba. Na hata ningempata, angenisaidia nini? Aliandikisha laini kumi au ishirini kwa kadi moja ya mtu fulani, pengine shangazi yake, pengine mteja aliyesahau kadi mezani. Yule mama mpaka leo hajui kwamba aliwahi kuwa na dola 340.

Najua kuna mtu hapa anasema moyoni, basi wale wa mwavuli ni wezi, tuwakimbie. Hapana! Hapo ndipo ninapogombana na watu. Mama wa mwavuli anayekuuzia uniti amekaa pale kwenye vumbi na mvua tangu asubuhi. Anajua namba yako kwa kichwa, na usiku mtoto akiwa na homa anakukopesha uniti ya kumpigia daktari. Kampuni gani itakujua hivyo? Kampuni ikikukopesha, inakata na faida papo hapo ukiweka nyingine.

Mnakumbuka yale makato ya RAM? Kuanzia 2020 serikali ilikuwa inakata uniti zetu kwa jina la kuandikisha vyombo vya simu, dola saba kwa mwaka kwa simu ya 3G na kwenda juu. Mtu ananunua uniti asubuhi, anakuta zimepungua. Anamwendea nani? Mama wa mwavuli! Niliona kwa macho yangu pale karibu na soko la Virunga, mzee mzima, amevaa koti, anamgombeza mama amrudishie uniti zake, na yule mama mwenyewe simu yake imekatwa vile vile. Tulipiga kelele nchi nzima, hata bungeni, mpaka ikaondolewa mwaka 2022. Lakini kwa hiyo miaka miwili matusi yote yalishukia mwavuli, kwa sababu mwavuli ndio tuliokuwa tunauona.

Kwa hiyo tutenganishe. Uniti na mega ni kama mafuta ya kukaangia: unanunua, unatumia, zinaisha. Zikikosa kuingia umepoteza faranga 1,000 au 2,000, utakasirika, utalala. Hizo nunua popote panapokufaa, ila usiondoke mezani kabla ujumbe haujaingia. Mpe namba kwa kumwandikia, usiitaje tu kwenye kelele za pikipiki. Tarakimu moja ikipotea, uniti zako zimeenda kwa mtu wa Kisangani, na huyo hatakubipu kukushukuru.

Laini si mafuta. Laini ni kama kiwanja. Na siku hizi zaidi. Benki zilipofunga milango hapa Goma mwezi wa kwanza 2025, mshahara ulipita wapi? Msaada wa ndugu walio nje ulipita wapi? Kwenye laini. Mnaogopa kununua kiwanja bila karatasi, mnaita mashahidi, mnaita chifu, mnapima kwa kamba. Halafu laini yenye karo ya watoto watatu mnainunua kwa kijana ambaye hata jina lake hamlijui, ati iko tayari.

Kuna hawa wapya pia, vijana wa WhatsApp wanaouza mega kwa bei ya chini kuliko ya kampuni. Mnauliza inawezekanaje. Mara nyingi ni kama mama anayenunua gunia la maharagwe na kuliuza kwa kopo la Guigoz: kijana ananunua forfé kubwa, yaani kifurushi cha mega, anakatakata. Ni halali akiwa mkweli. Lakini gunia liko nyumbani kwake. Siku mega zako hazifanyi kazi, ukipigia kampuni watakuambia hawakukuuzia wewe. Kitabu cha nani? Cha kijana. Na kijana mwenyewe, kwenye WhatsApp, ni picha tu ya gari ambalo si lake.

Nina dakika ngapi? Kumi na tano. Basi nimseme mpwa wangu.

Mpwa wangu yuko Louisville, Kentucky, Marekani. Alifika, akanitumia sauti: "Mjomba, hapa kuna kampuni kubwa na kampuni ndogo, zote zinasema zina rezo ile ile, mtandao ule ule, lakini ndogo ni nusu ya bei. Wananidanganya?" Hawakumdanganya. Kule kuna kampuni tatu kubwa zenye rezo ya nchi nzima: Verizon, AT&T na T-Mobile. Hizo nyingine nyingi hazina mnara hata mmoja. Zinanunua nafasi kwa jumla kwa zile kubwa, zinaweka jina lao, zinauza rejareja. Si mambo ya jana. Virgin Mobile ilianza hivyo Uingereza mwaka 1999, juu ya rezo ya One2One. Na zile kubwa zikiona ndogo imekua, huinunua. Verizon ilichukua TracFone mwaka 2021, T-Mobile ikachukua Mint Mobile mwaka 2024. Jina la dukani linabaki, mwenye duka ni yule yule wa mnara.

Kwa nini ni rahisi, basi? Twende kwenye bomba la maji, pale mtaani kwenu. Maji ni yale yale, bomba ni lile lile. Asubuhi mapema hakuna watu, kila mtu anajaza bidoni yake, hakuna tofauti. Njoo saa kumi na moja jioni, bidoni 80 zimepangwa. Mwenye bomba anajaza kwanza za wateja wake wa mwezi. Wewe uliyeletwa na mtu wa kati unangoja. Hukunyimwa maji, ila unangoja. Ndivyo mnara unavyofanya. Watu wakiwa wengi, kwenye uwanja wa mpira au katikati ya mji, mnara unawahudumia kwanza wateja wa kampuni yenyewe, na mteja wa kampuni ndogo mega zake zinatambaa. Si wote, kuna ndogo zinazolipa zaidi ili wateja wao wapewe nafasi ya mbele. Lakini ukipata nusu ya bei, uliza bidoni yako iko wapi kwenye foleni.

Nilimwambia achukue ndogo. Ndiyo! Msishangae. Amefika juzi, anafanya kazi ya usiku ghalani, mtaa wake hauna msongamano. Tena kampuni kubwa, ukitaka mkataba wa kila mwezi na simu ya kulipa kidogo kidogo, inachungulia kwanza historia yako ya madeni, na yeye hana historia, hata ya deni. Ndogo unalipa kabla, unatumia. Sharti langu lilikuwa moja: ajiandikishe kwa jina lake na karatasi zake, asitumie laini ya rafiki. Kule vilevile namba ndiyo ufunguo wa benki. Wanakutumia tarakimu kwenye simu, na zikienda kwa rafiki, rafiki ndiye mwenye akaunti.

Na hapo hapo niwaombe ninyi wenye ndugu nje. Simu wanazowatumia za zawadi! Kila mwezi wa kumi na mbili zinafika kwenye meza yangu. Nzuri, kioo hakina mkwaruzo, mtu ameifungua kwenye karatasi ya maua. Anaweka laini ya hapa, simu inadai namba ya kufunguliwa. Imefungwa kwa kampuni ya kule, kwa sababu ndugu yako aliichukua kwa kulipa kidogo kidogo na hajamaliza. Mnaniambia "Fundi, ifungue." Mimi si mwenye deni! Mwambieni amalize kulipa, aombe ifunguliwe, ndipo atume.

Baba mmoja ameinua mkono. Anasema: "Fundi, hata kampuni zetu hazina minara, niliona jina lingine kwenye uzio." Umeona vizuri, baba. Helios Towers ina minara mingi nchini kwetu, na kampuni zaidi ya moja hupanga juu ya mnara mmoja. Ndiyo maana mafuta ya jenereta yakiisha pale chini, majirani wenye laini tofauti wanakosa rezo pamoja. Kwa hiyo kampuni nayo ni mpangaji, sawa. Lakini kitabu cha majina ni chake. Chuma hakikuulizi kadi ya uchaguzi.

Nilitaka kusema juu ya Petite Barrière, pale mpakani na Rwanda, simu inavyorukia mnara wa Gisenyi ukiwa bado Birere na kula uniti. Chagueni rezo kwa mkono mkiwa kule, siku nyingine nitaeleza. Na forfé zinazokufa usiku wa manane zikiwa na mega ndani, hiyo ni hasira ya siku nzima, siianzi.

Nawasikia kwaya mlangoni. Tufanye jambo moja kabla hatujatoka. Mwenye simu amgeukie jirani yake. Jirani aanze kukutumia faranga 100 za pesa ya simu, aingize namba yako, asimame pale simu inapoonyesha jina la mpokeaji. Asithibitishe! Asome tu jina.

Someni.

Mama wa mstari wa tatu, mwenye kitambaa cha kijani. Umeona jina gani? La mwanaume. Ni la mzee wako? Humjui. Na laini unayo tangu lini? Tangu harusi ya mtoto wa kwanza.

Usiogope, mama, kaa. Leo jioni toa pesa zote zilizomo, umwache huyo bwana na uniti zake tu. Jumatatu saa mbili, kadi yako ya uchaguzi mkononi, tukutane mlangoni kwa kampuni. Foleni tutaipanga wote wawili.