Mipaka Hutoka kwa Mashine, Si kwa Mteja

Ndugu mafundi na wakaguzi wa ubora, leo ni chati ya udhibiti: mchoro wa nukta za vipimo, wenye mipaka ya juu na ya chini inayoonyesha kama mashine imetulia. Tuchukue mashine inayofungasha sembe, pakiti za kilo 2. Kila nusu saa chukua kikundi cha pakiti 5 zinazofuatana, pima, ondoa uzito wa mfuko mtupu. Andika wastani wa hizo 5, kisha toa ndogo kabisa kwenye kubwa kabisa: hiyo ndiyo tofauti. Mipaka usiichore mpaka ufikishe vikundi kama 25.

Tuseme wastani wa jumla umetoka gramu 2,006 na wastani wa tofauti gramu 12. Kizidishio cha kikundi cha 5, namba inayotoka kwenye jedwali la chati hizi, ni 0.577, mara 12 ni 6.9. Basi chati ya wastani ina mpaka wa juu 2,012.9 na wa chini 1,999.1. Chati ya tofauti: 2.114, nayo ya jedwali, mara 12, yaani 25.4 juu, na sifuri chini. Hii ya tofauti isomwe kwanza. Isipotulia, mipaka ya wastani iliyozaliwa nayo haifai kitu.

Sasa, ile 1,999.1 ni mpaka wa wastani wa pakiti 5, si wa pakiti moja. Gawa 12 kwa 2.326, namba nyingine ya jedwali, upate 5.2, mtawanyiko wa pakiti mojamoja; mara 3 ni kama 15.5. Kwa hiyo pakiti moja inaweza kushuka hadi 1,990.5 na mashine ikawa shwari kabisa! Anayechora uzito wa mkataba na mteja juu ya chati ya wastani anajifichia pakiti pungufu.

Walter Shewhart, aliyebuni chati hii mwaka 1924 akiwa Western Electric, Marekani, aliweka mipaka mbali hivyo makusudi: mashine iliyotulia isimwite fundi bure. Opereta anayegeuza skrubu ya kurekebisha uzito kila pakiti ikizidi au ikipungua, kwa kiasi kilekile ilichokosea, huongeza mtawanyiko kwa takriban asilimia 41. Mkono wake ndio ugonjwa.

Kosa ninaloliogopa zaidi halionekani kama kosa. Mashine ina midomo miwili ya kumwaga unga, mmoja unatoa wastani wa 2,000, mwingine 2,012, na mkaguzi anachanganya pakiti za yote miwili katika kila kikundi. Tofauti inavimba, mipaka inapanuka, nukta zote zinalala karibu na mstari wa katikati. Meneja anafurahia chati nzuri. Ukiona nukta 15 mfululizo zimebanana katikati hivyo, usipongeze mtu. Kila mdomo upewe chati yake.

Nukta 8 zikifuatana chini ya mstari wa katikati, hata kama hakuna iliyovuka mpaka, nenda kwenye hopa, chombo kinacholisha mashine unga, kabla ya kugusa skrubu. Unga ukipungua humo haushindiliki vizuri, kila mzunguko unatoa gramu chache. Jaza hopa, chukua kikundi kipya, na uandike saa na sababu pembeni ya nukta.