Mlenda wa Baba Mdogo na Karatasi ya Dharura

[Muziki unapungua]

NDAHANI: Mbukwenyi wasikilizaji! Mko na Mwalimu Ndahani hapa Dodoma, na mezani tuko wawili kama kawaida.

ASHA: Sista Asha, nesi wenu, nipo. Mwalimu, macho mekundu hayo.

NDAHANI: Sijalala vizuri wiki hii. Yule baba mdogo wangu wa Bahi...

ASHA: Wa trekta?

NDAHANI: Huyo huyo. Mama mdogo kanipigia usiku, tumbo limemkamata, anajikunja. Jirani akawaleta kwa gari lake, nikawapokea mjini, tukaenda naye dharura. Hospitali siitaji.

ASHA: Usiitaje. Anaendeleaje?

NDAHANI: Amelazwa, lakini jana kanywa uji, na kaulizia trekta.

ASHA: Alhamdulillahi. Akishaulizia trekta, amerudi huyo.

NDAHANI: Sasa, leo tulipanga mafunzo matatu kuhusu huduma ya dharura, Sista ameyaandika vizuri kwenye daftari. Lakini niruhusu nianze na haya yaliyonikuta, maana yanaingia humo humo. Tumefika, wamempokea haraka. Pumzi, mapigo, presha, wakamchoma kidole kupima sukari. Halafu nesi akaja na karatasi yenye visanduku. Maumivu yalianza lini? Una mzio wa dawa yoyote? Hana. Unatumia dawa? Baba mdogo akasema situmii. Kisanduku kikawekwa alama. Umewahi kulazwa, kupasuliwa? Hapana. Mara ya mwisho umekula nini, saa ngapi?

ASHA: Ngoja hapo, wasikilizaji waelewe. Huyo nesi alifuata SAMPLE. Ni herufi sita za maneno ya Kiingereza, kila moja na swali lake: dalili, mzio, dawa, magonjwa ya nyuma, chakula cha mwisho, na tukio lenyewe lilivyokuwa. Yamo kwenye mafunzo ya msingi ya huduma ya dharura ambayo Shirika la Afya Duniani liliyatoa mwaka 2018 pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu. Na alivyoanza ni sahihi: kwanza njia ya hewa, kupumua, mzunguko wa damu, fahamu, halafu unamfunua umkague mwili. Historia ndefu inasubiri mtu awe anapumua.

NDAHANI: Sawa. Sasa lile swali la chakula. Mama mdogo akadakia: "Amekula ugali wa uwele na mlenda." Baba mdogo, na maumivu yake yote, akainua kichwa: "Ulikuwa wa mahindi!"

ASHA: (anacheka) Kitandani?

NDAHANI: Kitandani, Sista! Mama mdogo akasema mahindi yalikuwa juzi. Wakavutana, nesi kashika kalamu hajui aandike nini.

ASHA: Mlenda ulikuwa wa karanga au mtupu?

NDAHANI: Unaona sasa! Hata nesi aliuliza hivyo hivyo.

ASHA: Si utani, mafuta yanakaa tumboni muda mrefu. Chakula kizito, kabla ya dawa ya usingizi tunataka saa sita au zaidi zipite. Maji matupu, saa mbili. Mtu akipewa usingizi tumbo limejaa, akatapika, matapishi yanaingia kwenye mapafu. Tumbo linalouma ghafla linaweza kuishia chumba cha upasuaji, kwa hiyo swali hilo ni la lazima.

NDAHANI: Ulikuwa wa karanga.

ASHA: Ugali wa uwele, mlenda wa majani yaliyokaushwa, magadi kidogo, karanga zilizotwangwa. Mwalimu, usinitese, sijala mchana.

NDAHANI: Magadi ukizidisha unaharibu. Mama mdogo anaweka kwa ncha ya kijiko.

ASHA: Ncha ya kijiko haitoshi, mlenda hauvutiki vizuri.

NDAHANI: Unavutika! Nimeula utoto wangu wote, Sista. Na karanga ziwe za kukaanga kidogo.

ASHA: Mbichi. Mbichi ndizo zinazotoa tui.

NDAHANI: Za kukaanga zina harufu! Wasikilizaji wa Mpwapwa na Kongwa, tutumieni ujumbe, tuokoeni na huyu dada wa Kondoa.

ASHA: Na wa Kondoa nao watume, tuone nani ana watu. Haya, rudi kitandani.

NDAHANI: Narudi, na hapa ndipo jambo lenyewe lilipo. Katika ule ubishi mama mdogo akasema: "Na hata huo ugali hukumaliza, kwa sababu ile dawa yako ya mgongo inakuchoma tumbo." Nesi akainua macho. Dawa gani? Kumbe mzee anameza diklopa, vidonge vya maumivu vya dukani, tangu msimu wa kilimo uanze, mara nyingine bila kula. Na choo, akiulizwa sasa, kimekuwa cheusi kama lami.

ASHA: Mwenyezi Mungu.

NDAHANI: Na kisanduku cha dawa kina alama ya hapana!

ASHA: Hizo dawa za jamii ya diklopa zinapunguza kinga ya ukuta wa tumbo, vidonda vinatokea, vinavuja damu. Choo cheusi chenye kunata ni damu iliyopita tumboni ikameng'enywa. Hiyo taarifa inabadilisha kila kitu, hata dawa ya maumivu utakayompa pale.

NDAHANI: Daktari alisema hivyo hivyo. Kwa hiyo, Sista, mimi nimetoka pale na msimamo. Ile karatasi haikumsaidia baba mdogo. Kilichomsaidia ni mlenda. Ni maneno ya mama mdogo, yamekuja yenyewe, watu walipoachwa waseme.

ASHA: Hapana. Hapana, Mwalimu. Mlenda uliletwa na nani?

NDAHANI: Na mama mdogo.

ASHA: Uliletwa na herufi ya tano! Bila karatasi, usiku ule, chumba kimejaa, nani angekumbuka kumuuliza mzee anayejikunja amekula nini? Nimefanya kazi zamu za usiku miaka mingi. Mtu mmoja ana majeruhi wa bodaboda huku, mtoto anadegedeka kule. Akili inaruka maswali. Karatasi hairuki.

NDAHANI: Lakini iliuliza dawa, ikajibiwa uongo, ikaridhika. Hapo ndipo ninapoogopa. Alama ikishawekwa, swali limekufa.

ASHA: Swali liliulizwa vibaya. Huulizi "unatumia dawa?" Mtu wa kwetu anafikiri dawa ni ile aliyoandikiwa na daktari. Unauliza ya dukani je, ya kienyeji je, uliyopewa na jirani je, ya mgongo je, ya nguvu je. Boresha swali, usitupe karatasi.

NDAHANI: Sisemi itupwe. Nasema ikae mfukoni. Msikilize mtu kwanza, aseme lake mpaka amalize, ndipo uitoe uangalie ulichosahau. Nesi yule alikuwa na macho kwenye karatasi, mama mdogo alikuwa anaonyesha kwa mkono anapochomwa mzee, hakumwona.

ASHA: Zipo orodha zinazotumika hivyo, ile ya majeruhi ya Shirika la Afya Duniani unaipitia baada ya kumkagua mgonjwa, na tena kabla timu haijamwacha. Nakubali hilo kwa timu. Lakini nesi yuko peke yake! Akisubiri mwisho, hakuna mwisho, ameitwa kitanda kingine. Aisome papo hapo, kwa sauti, ndugu wasikie.

NDAHANI: Ndugu wakisikia orodha wanajibu kama mtihani. Ndiyo, hapana, ndiyo, hapana. Mimi ni mwalimu, naijua hiyo sauti.

ASHA: Mwalimu, ushahidi upo, tena hapa nchini. Ile orodha ya usalama wa upasuaji ilijaribiwa kwenye hospitali nane za miji minane duniani, mmojawapo wa miji hiyo ni Ifakara. Matokeo yalitoka mwaka 2009: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Matatizo baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7.

NDAHANI: Nimesoma, Sista, sikuja mikono mitupu. Mwaka 2014 wakachapisha ya jimbo la Ontario, Kanada, hospitali 101 zilizoagizwa kuitumia orodha hiyo. Tofauti ya vifo haikuwa ya maana kitakwimu. Karatasi ilikuwepo, alama zilikuwepo.

ASHA: Labda kwa sababu waliagizwa! Ifakara walifundishwa.

NDAHANI: Basi umesema mwenyewe, ni watu, si karatasi.

ASHA: Ni watu waliofundishwa kutumia karatasi. Usinikate sentensi.

NDAHANI: Mimi bado mzee wangu ameokolewa na mkewe.

ASHA: Na mimi bado mkewe alifunguliwa mdomo na swali lililoandikwa. Hapo sitoki.

NDAHANI: Nami sitoki.

[Kimya kidogo]

ASHA: Fundi anaonyesha vidole viwili. Dakika mbili?

NDAHANI: Mbili! Sista, mafunzo matatu yako...

ASHA: Daftari lote halijaguswa. Kukabidhi mgonjwa wakati wa kubadilisha zamu, hatujafika. Nini ndugu waje nacho hospitali, hatujafika.

NDAHANI: Sema hata kimoja.

ASHA: Njooni na pakiti za dawa zenyewe, hata tupu. Na mama mjamzito akipata dharura, namba ya mpango wa m-mama ni 115, haina malipo, wanatafuta usafiri. Mengine... Mwalimu, haiwezekani kwa dakika moja, na sitaki kuyasema mbiombio.

NDAHANI: Tuyaache. Ujumbe wa kwanza umeshaingia, mtu wa Kongwa anasema karanga za kukaanga.

ASHA: Mmoja tu huyo! Na magadi kasemaje?

NDAHANI: Hajasema. Wasikilizaji, muda umekatika...

[Muziki]