Fimbo Moja kwa Bahari na Ziwa: Chukua Namba Nane

Habari zenu ndugu zangu, karibuni tena. Wengi mmeniuliza, kwa kuwa huku ughaibuni navua ziwani na baharini pia, kama fimbo moja ya uvuvi wa nzi bandia inatosha kote kuwili. Inatosha. Chukua namba nane, urefu futi tisa, ya vipande vinne ili iingie kwenye begi la safari.

Hebu tazameni hapa, juu kidogo ya mpini. Mnaiona hii namba? Watu wengi hudhani ni uzito wa fimbo au wa samaki. Ni uzito wa mshipi ambao fimbo imeundwa kuurusha. Katika uvuvi tuliouzoea, risasi ndiyo inayouvuta mshipi kwenda mbele. Nzi bandia ni manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana, hawezi kwenda mbali peke yake, kwa hiyo mshipi ndio unaombeba. Futi 30 za mwanzo za mshipi namba tano zina gramu 9 hivi. Za namba nane zinakaribia gramu 14. Baharini, upepo ukivuma na umefunga nzi mkubwa wa kuiga kaa, gramu hizo ndizo zinazomfikisha kwa samaki.

Ila kwa trauti wadogo wa mtoni namba nane imezidi. Samaki wa kiganja akivuta humsikii, na mshipi mzito ukitua kwenye maji matulivu unawatimua wote. Ukiwa na hamu ya hao tu, nunua namba tano. Na kolekole wakubwa au tarponi wazima waachie namba 11 na 12. Katikati hapo, paiki wa ziwani, samoni wa mtoni, bonifishi wa maji ya kina kifupi baharini, namba nane inawamudu vizuri kabisa.

Fimbo yenyewe haina shida na chumvi, maana nyuzi za kaboni hazishiki kutu. Vinavyoliwa ni vyuma: vipete vinavyopitisha mshipi, na hapa inapokaa rili, yaani kigurudumu cha kukunjia mshipi. Hakikisha vimetengenezwa kwa ajili ya bahari. Nyuma ya rili pawe na kitako kifupi cha kukita tumboni samaki anapovuta.

Pesa nyingine iweke kwenye rili, tena usiibanie. Bonifishi akinasa anatoka mbio, mshipi wote wa mita 27 hivi unaisha, anaingia kwenye uzi wa akiba, ule mwembamba uliofungwa nyuma ya mshipi. Weka uzi huo mita 150 au zaidi, na breki iwe ya kuzibwa, maji na mchanga visiingie.

Nunua pia spuli ya pili, yaani kile kibiringo cha ndani ya rili kinachozungushiwa mshipi, uweke mshipi wa aina nyingine. Mshipi wa bahari ya joto ukiupeleka kwenye ziwa la baridi kali unakakamaa na kujikunja kama springi. Ule wa baridi ukiupeleka kwenye joto unalegea na kunata kwenye vipete. Fimbo ni ileile, unabadilisha spuli tu.

Ukitoka baharini, usiku uleule, fungua rili, itenganishe fimbo vipande vyote, suuza kwa maji baridi yanayotiririka taratibu. Usitumie maji ya kasi, yanaisukuma chumvi ndani. Halafu acha kila kiungo kikauke ndipo urudishe kwenye mfuko wake.