Nguvu ya Injini kwa Fedha Kidogo: Mhadhara kwa Madereva na Mafundi wa Pikipiki, Mwanza

Ndugu zangu madereva, mafundi wenzangu, na nyinyi vijana mnaojifunza kazi, habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuongeza nguvu ya injini ya pikipiki kwa mtu asiye na fedha nyingi. Nianze na lile ninaloliamini, kisha nilieleze. Dereva wa hapa Mwanza mwenye pikipiki ya cc 125 au 150 akilalamika kwamba haivuti, mara nyingi nguvu anayoitafuta alishailipia siku aliyoitoa pikipiki dukani. Imevuja kidogo kidogo. Shilingi ya kwanza iende kuirudisha hiyo. Kuongeza kuje baadaye, na kuje kwa mpangilio.

Mtu akija gereji anataka abadilishiwe bloku, yaani awekewe silinda kubwa zaidi, mimi humuuliza: unakwenda wapi, na unabeba nini? Anayepandisha abiria Bugando au Isamilo siku nzima, anayetoa mzigo mwaloni Kirumba kuupeleka Igoma, na anayetoka Buhongwa kwenda Sengerema kwa kupita daraja la Kigongo–Busisi, hawa watatu hawahitaji kitu kimoja. Wote watasema "nataka nguvu", lakini wa mlimani anataka mvuto wa chini na wa lami anataka pikipiki isiyochoka kwenye mwendo.

Tuupigie mlima hesabu. Chukua pikipiki ya kilo 110, dereva kilo 70, abiria kilo 70, na mzigo wa kilo 60. Jumla kilo 310. Iweke kwenye mlima unaopanda mita 10 kwa kila mita 100, iende kilomita 30 kwa saa. Nguvu inayohitajika kuupandisha uzito huo ni kama farasi watatu na nusu. Sasa injini ya 125 iliyo nzima inatoa karibu farasi kumi. Mbona inazimika basi? Kwa sababu farasi hao kumi wanapatikana injini ikizunguka kasi sana, mara elfu saba na zaidi kwa dakika, na dereva yuko gia ya tatu, injini inanguruma chini kabisa. Nguvu ipo, ila pale anapoihitaji haifikii. Hilo tatizo haliponi kwa bloku. Linapona kwa gia na sproketi, yale magurudumu ya meno yanayoshika cheni.

Wa kasi naye asikie. Nguvu ya kuisukuma hewa inakua kwa kipeo cha tatu cha kasi, yaani kasi kuzidishwa kwa kasi kuzidishwa kwa kasi. Kutoka kilomita 90 kwenda 100 kwa saa unahitaji takriban asilimia 37 zaidi ya nguvu ya kusukuma hewa. Asilimia 37! Kwa injini hizi ndogo hiyo ni fedha nyingi na uhai wa injini, kwa kilomita kumi tu. Mimi simshauri mtu yeyote mwenye bajeti ndogo aifukuze kasi ya juu.

Kuna jambo la huku kwetu ambalo watu wengi hawaliweki kwenye hesabu. Uso wa Ziwa Victoria uko mita 1,134 juu ya usawa wa bahari. Hata uliyesimama pale Kamanga ukisubiri kivuko, umemzidi mtu wa Dar es Salaam kwa zaidi ya kilomita moja kwenda juu. Hewa ya huku ni nyepesi, na injini inayovuta hewa yenyewe inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kwa kila mita 300 za kupanda. Kwa Mwanza inakuja kama asilimia 11. Pikipiki iliyoandikiwa farasi kumi inatoa tisa hivi, na hakuna fundi aliyekosea. Lakini kabureta haijui kwamba hewa imepungua. Jeti, kile kitundu cha kabureta kinachopitisha petroli, iliyowekwa kiwandani kwa ajili ya usawa wa bahari inaendelea kumimina petroli ileile. Mchanganyiko unakuwa mzito, plagi inashika masizi, pikipiki inakunywa mafuta na bado haivuti.

Pokeeni hizi plagi, zipitisheni nyuma. Hii ya kwanza ni nyeusi, ukiipitisha kidole masizi yanabaki kama ya sufuria ya kuni: mchanganyiko mzito. Ya pili ina rangi ya maziwa kwenye kaure yake, na ukiangalia kwa makini utaona vipele vidogo: mchanganyiko mwepesi, injini imekuwa ikiungua. Ya tatu ina rangi ya hudhurungi, kavu. Hiyo ndiyo tunayoitaka. Ukitaka kuisoma vizuri, endesha pikipiki kwa mafuta mengi mahali salama, zima injini ukiwa bado umefungua mafuta, shika klachi, simama, ndipo uifungue. Plagi ya pikipiki iliyokaa sailensa, yaani inanguruma imesimama bila kupewa mafuta, dakika kumi inakueleza habari za sailensa tu.

Kubadilisha jeti kuu ni kazi ya bei ndogo kuliko zote nitakazozitaja. Namba yake kwa kawaida inafuata upana wa tundu: 100 ni karibu milimita moja. Ukiwa na plagi nyeusi kwenye mwendo mkubwa, shuka hatua moja, jaribu, soma plagi, ndipo uamue tena. Na jeti kuu inatawala robo ya mwisho ya mkono wa mafuta. Katikati kunatawaliwa na sindano, na chini kabisa ni jeti ndogo na skrubu ya hewa. Fundi anayezungusha skrubu ya hewa kutibu ugonjwa wa mafuta mengi anatibu mguu kwa kichwa kinachouma. Na tafadhali, msipanue jeti wala kuichokoa kwa waya. Tundu likishakwaruzwa, namba iliyoandikwa haina maana tena.

Sasa turudi kwenye nguvu iliyovuja. Kabla ya kununua chochote, pima kompresheni, yaani mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Injini iwe ya moto, plagi imetolewa, geji imefungwa kwenye tundu lake, mkono wa mafuta umefunguliwa wote, kisha piga kiki mpaka mshale uache kupanda. Andika namba. Halafu mimina kijiko kidogo cha oili kwenye tundu la plagi, upime tena. Namba ikipanda sana, hewa ilikuwa inapita kwenye ringi za pistoni, kwa sababu oili imeziba pale kwa muda. Ikibaki palepale, hewa inatokea kwenye valvu. Kijiko kimoja cha oili kimekuambia kama fedha yako inaelekea kwenye silinda au kwenye hedi, kile kichwa cha silinda chenye valvu. Nimeona watu wakinunua pistoni na ringi mpya kwa valvu iliyokuwa inavuja, na inauma, kwa sababu ile ilikuwa ada ya mtoto.

Tapeti nazo, ile nafasi ndogo inayoachwa kwenye vyuma vinavyosukuma valvu. Injini nyingi za hapa ni ukoo wa Honda CG125, iliyotoka mwaka 1976. Wahandisi wake waliitengeneza kwa ajili ya nchi kama zetu, baada ya kuona injini zenye kamshafti, chuma kinachozunguka na kufungua valvu, juu zinakufa kwa kukosa matunzo. Wakaweka kamshafti chini na fito za kusukuma valvu. Ndiyo maana inavumilia. Lakini fito hizo hizo ndizo zinazoifanya isipende mizunguko mikubwa, kwa hiyo anayetaka kuigeuza ya mashindano anashindana na mchoro wake. Nafasi ya tapeti kwa nyingi za aina hiyo ni chini ya milimita 0.10, injini ikiwa baridi. Fuata kitabu cha pikipiki yako, tumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi. Watu wanapenda kukaza ili kelele iishe. Valvu iliyokazwa haikai vizuri kwenye kiti chake, na pale kwenye kiti ndipo inapotolea joto. Inaungua. Kelele ndogo ya tapeti ni afya.

Mengine niyapite haraka: nyanyua gurudumu la nyuma ulizungushe kwa mkono, breki isiwe inashika. Cheni isikaze. Tairi iwe na upepo. Na klachi: injini ikilia juu huku mwendo hauongezeki, inateleza.

Chujio la hewa siwezi kulipita haraka. Vijana wengi wanalitoa, wanasema injini ipumue. Angalieni mawe ya mji huu. Ni granite, na mchanga unaotoka kwenye granite umejaa kwatsi, ambayo ni ngumu kuliko chuma cha silinda. Barabara za vumbi za Buswelu, Mkolani, Kishiri, vumbi lake ndilo hilo. Ukitoa chujio umeiwekea pistoni msasa. Injini italia vizuri wiki chache, kisha itaanza kutoa moshi wa bluu. Safisha chujio mara nyingi kuliko kitabu kinavyosema, hilo litakupa nguvu ya kweli.

Sproketi. Tuseme mbele una meno 15 na nyuma 42. Gawanya, unapata 2.8. Weka 14 mbele, unapata 3.0. Mvuto kwenye gurudumu umepanda asilimia 7, na mwendo kwa mizunguko ileile umeshuka karibu kiasi hicho. Kwa dereva wa Isamilo, sproketi hiyo moja ya mbele itamfaa kuliko ekzosi yoyote. Kwa dereva wa Sengerema ni hasara, injini italia njia nzima. Ila usishuke sana mbele, maana sproketi ndogo inakunja cheni kwa ukali na kuimaliza mapema.

Nimefika kwenye bloku, najua wengine mmekuja kwa ajili yake. Kwanza, tuondoe imani moja. Kuchonga silinda na kuweka pistoni iliyozidi ya kwanza kwa milimita 0.25 au 0.50 hakuongezi nguvu kwa ukubwa, kunaponya uchakavu. CG125 ina pistoni ya milimita 56.5 na mwendo wake wa kupanda na kushuka ni milimita 49.5, hiyo ni cc 124. Hata ukienda mpaka 1.00, unapata cc 128.5. Tofauti ya nguvu utakayoisikia ni ya ringi kuziba upya.

Kuweka pistoni ya milimita 62 ni habari nyingine. Hapo unafika cc 149, ongezeko la asilimia 20. Lakini fuateni hesabu inavyoendelea. Kama uwiano wa mgandamizo ulikuwa 9 kwa 1, chumba cha moto kilikuwa cc 15.5. Ukiacha hedi ileile juu ya silinda kubwa, uwiano unapanda mpaka karibu 10.6. Joto linaongezeka, injini inaweza kuanza kugonga. Mara nyingi mdomo wa kasha la injini unahitaji kupanuliwa kwa fundi wa lezi. Pistoni nzito inaharibu mizani ya krenki, mtikisiko unakuja. Klachi ya 125 inaanza kuteleza. Kabureta inataka jeti nyingine. Kila kimoja ni fedha, na muuzaji wa bloku hakutajii. Ukijumlisha vyote, mara nyingi ni nafuu kuuza pikipiki ya 125 ukaongeza ununue ya 150 iliyotoka kiwandani hivyo. Huo ndio ushauri wangu, nausema hata kama unaninyima kazi.

Tuseme basi una laki nne mkononi. Mimi ningeigawa hivi: karibu nusu iende kwenye matengenezo yatakayoonyeshwa na geji, iwe valvu, ringi au klachi. Sehemu ndogo iende kwenye jeti, plagi, chujio na sproketi ya mbele. Inayobaki iende kwenye viatu vya breki na tairi, na hiyo usiiguse. Ukitoka kilomita 60 kwenda 70 kwa saa, nishati ambayo breki lazima iimeze inaongezeka kwa asilimia 36, na ngoma za breki zitabaki zilezile. Kuna abiria nyuma yako, mara nyingi mama na mtoto mgongoni.

Kijana pale ameuliza kuhusu ekzosi ya wazi. Inatoa kelele nyingi, na kwenye injini ndogo mara nyingi inapunguza mvuto wa chini, ule ule unaouhitaji mlimani. Pia inafanya mchanganyiko kuwa mwepesi kama hukugusa jeti. Na majirani wanalala, wagonjwa wa Bugando wanalala. Iache.

Mama ameuliza kama anaweza kutumia oili ya gari kwa sababu ni rahisi kupatikana. Hapana, mama. Klachi ya pikipiki hizi inaoga kwenye oili ileile ya injini, na oili nyingi za gari zina dawa ya kupunguza msuguano, klachi itateleza. Tafuta iliyoandikwa 4T na JASO MA. Injini hizi za CG hazina chujio la karatasi la oili, zina wavu na kikombe kinachozunguka, kwa hiyo oili ikichelewa kubadilishwa uchafu unabaki ndani. Mwambie kijana wako aimwage ikiwa ya moto.

Pikipiki iliyoko nje imeshapata moto wa kutosha. Leteni spana ya plagi na geji, tuipime pamoja.