Msingoje Maumivu: Mazungumzo na Akina Mama wa Soko, Busia

Hamjambo mama zangu. Hamjambo dada zangu. Asanteni kwa kuacha meza zenu. Najua saa hizi ndipo wateja wa upande wa Kenya wanavuka, na kila dakika mnayonipa ni pesa. Mimi ni mkunga. Baadhi yenu mlioketi hapa nimewazalisha kwa mikono hii, kwa hiyo leo tusioneane haya.

Nimekuja kwa ajili ya saratani ya mlango wa kizazi. Wengine huiita kansa ya shingo ya kizazi, ni ileile. Hapa Uganda hakuna saratani inayoua wanawake wengi kuliko hii. Makadirio ya mwaka 2020 yalionyesha wagonjwa wapya karibu 7,000, na waliokufa zaidi ya 4,600. Kinachoniuma ni kwamba ugonjwa huu hutupa nafasi ya kuuwahi, tena nafasi ndefu.

Unaletwa na virusi vinavyoitwa HPV, navyo hupitia kujamiiana. Nisikieni vizuri hapa: si ushahidi wa umalaya. Karibu kila aliyewahi kukutana na mwanamume au mwanamke hukutana navyo, hata mwenye mume mmoja tangu ujana. Kwa wengi mwili huvifukuza wenyewe ndani ya miaka miwili hivi. Kwa wachache hung'ang'ania, vikaharibu ngozi ya mlango wa kizazi polepole, miaka 10, hata 20. Anayeishi na virusi vya ukimwi hatari yake ni mara sita, na kwake ugonjwa huenda mbio zaidi.

Miaka yote hiyo huumwi. Unabeba gunia, unapika, unazaa.

Mama yangu mdogo alikuwa akiuza omena. Akaanza kutokwa damu kila baada ya kulala na mumewe, kisha majimaji yenye harufu. Mahali fulani alipewa vidonge vya maambukizi, akarudi, akapewa tena, akarudi mara ya tatu. Hakuna aliyemwambia apande kitandani aangaliwe. Alijifunga kanga mbili ili wateja wasisikie harufu. Alipofika hospitali ya Mulago kule Kampala, kwenye Taasisi ya Saratani, ugonjwa ulikuwa umeshafika kwenye figo. Tulimzika kabla ya mwaka kwisha. Damu baada ya tendo la ndoa, au damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, si jambo la kumezea vidonge tu. Lazima mtu aangalie.

Sasa hofu kubwa ni kile kipimo, kwa hiyo nimekuja na kifaa chenyewe. Kipokeeni, mpitishiane. Kimefanana na mdomo wa bata, sivyo? Unalala chali, shuka juu ya magoti. Tunakiingiza polepole, tunakifungua, na mlango wa kizazi unaonekana, mviringo, wa waridi, kama ncha ya pua. Tunaupaka siki kwa pamba. Ndiyo, siki, ndugu ya hii mnayotia kwenye kachumbari, ila ya hospitali imepimwa nguvu yake. Tunangoja dakika moja. Ngozi yenye afya hubaki na rangi yake. Ngozi iliyoanza kuharibika hugeuka nyeupe, kama utando wa uji uliopoa. Ikiwa ni doa dogo, linaweza kuchomwa kwa kifaa cha moto siku hiyohiyo, na kila mchomo haufiki dakika moja. Utasikia tumbo likikaza kama la hedhi. Wiki chache utatokwa na maji, na mume angoje wiki nne. Basi.

Mama wa pale nyuma anauliza kama anaweza kujipaka siki nyumbani. Hapana, mama. Huwezi kujiona, na itakuunguza. Na yale majani ya kubana uke, tafadhali yaacheni. Yanachubua ngozi ileile tunayojaribu kuilinda.

Wenye miaka 25 hadi 49, njooni kila baada ya miaka mitatu. Anayetumia dawa za ukimwi, kila mwaka. Siku hizi kuna pia kipimo cha kutafuta virusi vyenyewe, ambacho mwanamke hujichukulia sampuli ukeni kwa kijiti, akiwa peke yake chooni. Kikiwapo, nacho ni kizuri sana.

Kuhusu mabinti zenu: chanjo ya HPV ilienea nchi nzima mwaka 2015, kwa wasichana wa miaka 10, nayo ni bure. Nasikia sokoni kwamba inafunga kizazi. Wasichana wa wilaya za Ibanda na Nakasongola walichanjwa kwanza kwa majaribio, tangu 2008. Leo ni wanawake wazima, na wanazaa. Tunawachanja wadogo kwa sababu chanjo hufanya kazi vizuri zaidi kabla mwili haujakutana na virusi. Hiyo haimaanishi kwamba tunawaruhusu waende kwa wanaume. Na aliyechanjwa naye atapimwa akikua, maana chanjo haizuii aina zote.

Mume akikataa, mleteni kwangu. Nimezungumza na wengi, na wengi hukubali wakieleweshwa kuwa anayepima ni mwanamke na pazia limefungwa.

Chumba ni kile cha mwisho, karibu na mwembe. Aliye kwenye siku zake aje wiki ijayo. Wenye watoto wachanga watangulie, na wewe dada mwenye kitenge cha bluu, uliyeshika kifaa muda wote huo, njoo nikuanzie wewe.