Debian au OpenBSD: seva ya ofisi ya utalii Arusha

NEEMA: Msikilizaji wetu ana ofisi ya utalii hapa Arusha. Seva yake inapokea bukingi za Serengeti, na bado iko kwenye CentOS 7, mfumo endeshi wa zamani wa aina ya Linux. Anauliza ahamie wapi.

BARAKA: Aisee! CentOS 7 ilikoma tarehe 30 Juni 2024, viraka vya usalama haipati tena. Aweke Debian, Linux nyingine. Mafundi wake wamejaa mjini.

NEEMA: Mimi ningempa OpenBSD, mfumo endeshi usio Linux, unaotanguliza usalama. Kuna kitu kinaitwa pledge: programu inatamka mapema itafanya kazi zipi tu, na ikikiuka, kerneli, yaani kiini cha mfumo, inaiua palepale.

BARAKA: Na lile tambo lao kwamba miaka yote hii wamekutwa na matundu mawili tu ya usalama ya kushambuliwa kwa mbali? Wanasema wazi ni kwa mfumo unavyokuja, kabla hujaongeza kitu. Akishaweka WordPress ya kuendeshea tovuti na plagini zake, tambo hilo halimhusu.

NEEMA: Hapo sikubishii. Ila kumbuka Julai 2024, tundu la regreSSHion kwenye OpenSSH, programu ya kuingia kwenye seva kwa mbali. Linux zenye maktaba ya glibc ziliguswa, OpenBSD ikapona, kwa sababu sshd yake, sehemu ya OpenSSH inayopokea wanaoingia, inaandika kumbukumbu kwa syslog_r, njia salama zaidi waliyoitunga wenyewe tangu 2001.

BARAKA: OpenSSH yenyewe si ni ya kwao?

NEEMA: Ni yao, ndiyo! Sasa njoo kwenye xz, programu ya kubana mafaili. Machi 2024, mhandisi wa programu Andres Freund anaona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde. Mtu mwingine angelaumu mtandao akaenda kunywa chai. Yeye akachimba, akakuta mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani ya xz 5.6.0 na 5.6.1. Ulipitia wapi? Debian waliiunganisha sshd na libsystemd, maktaba ya mfumo wa kuendesha huduma za Linux, nayo ikaburuta maktaba ya xz. Watu wa OpenSSH hawakuomba kiungo hicho.

BARAKA: Malizia basi. Ulifika Debian ya majaribio, toleo thabiti halikuguswa. Mnatucheka kwa kukaa na programu za zamani, siku ile ukongwe ulitufaa.

NEEMA: Na zile funguo za siri za 2006 mpaka 2008? Debian walifuta mistari ya msimbo wa OpenSSL, programu inayotengeneza funguo hizo, funguo zikawa za kukisia.

BARAKA: (anacheka) Nilijua utaifukua! Haina utetezi. Lakini dada, OpenBSD inatoa toleo kila miezi 6 na kuhudumia mawili ya mwisho tu. Huyu bwana Julai na Agosti wageni wamemjaa, nani atagusa seva? Debian inajiwekea viraka yenyewe.

NEEMA: Ukiiwashia unattended-upgrades, programu ya kujisasisha.

BARAKA: Nikiiwashia, sawa.

NEEMA: Basi bukingi zikae Debian, mbele yake asimamishe kikompyuta cha OpenBSD chenye pf, kichujio chake cha mtandao, kiwe fayawoli. Kikiwa hakina kingine ndani, tambo lao linasimama.

BARAKA: Hilo nakubali. Ila kaandika pia kwamba namba za kadi za wageni ziko kwenye seva hiyohiyo.

NEEMA: Eh! Anazihifadhi za nini?

BARAKA: Hajasema.

NEEMA: Mpigie kabla hajanunua chochote.